Grisi za pikipiki: makopo niliyoyatumia na mahali kila moja linapofaa

Niliufungua usukani wa pikipiki yangu ya cc 150 kwa sababu ulikuwa umeanza kushika katikati. Nilipokwenda moja kwa moja, mikono ilihisi kana kwamba usukani umejipatia kijishimo cha kukalia, na kila nilipotaka kurekebisha mwelekeo kidogo ulitoka kwenye kijishimo hicho kwa mshtuko mdogo usiopendeza. Gololi nilizozikuta kwenye bakuli la chini zilikuwa zimevaa unga mwekundu, njia yao ilikuwa na vidimbwi vilivyochimbika kwa kufuata mpangilio wa gololi zenyewe, na ile grisi niliyoipaka kwa ukarimu mwaka mmoja kabla ilikuwa imegeuka uji wa rangi ya maziwa pembezoni, ilhali pale katikati ilipohitajika haikuwapo kabisa. Kopo nililolitumia lilikuwa limeandikwa kwamba ni grisi ya kazi zote, na zaidi ya maneno hayo halikuwa na maelezo mengine yoyote.

Tangu wakati huo nimetumia grisi za aina kadhaa kwenye pikipiki mbili, na kila mara nimejiwekea desturi ya kufungua tena sehemu niliyoipaka baada ya miezi kadhaa ili nione kilichobaki. Tathmini hii imetokana na makopo hayo. Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba beringi za pikipiki huharibiwa na maji na mtikisiko kuliko zinavyoharibiwa na joto au kasi, ilhali sifa zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye makopo mengi ni za joto na kasi. Mnunuzi anayefuata herufi hizo kubwa hulipia uwezo asiouhitaji na kukosa ule anaouhitaji.

Kabla ya kuyapima makopo yenyewe, ni lazima ieleweke grisi ni kitu gani, kwa maana wengi wetu tulifundishwa kwamba ni mafuta mazito tu. Grisi ni mafuta ya kulainisha, ambayo kwa kawaida huchukua sehemu kubwa sana ya kopo, mara nyingi kati ya asilimia 70 na 95, yaliyoshikiliwa ndani ya nyuzi ndogo mno za kitu kinachoitwa sabuni, kama sifongo linavyoyashika maji. Humo huongezwa viambato vya kuzuia kutu na vya kuhimili mgandamizo. Beringi inapozunguka, sabuni huachia mafuta kidogo kidogo, na mafuta hayo ndiyo yanayokitenga chuma kimoja na kingine. Kwa hiyo anayenunua grisi hununua vitu viwili kwa pamoja, mafuta na sifongo lake, na kwa pikipiki sifongo ndilo linaloamua mengi, kwa kuwa ndilo linaloyakataa maji au kuyakaribisha.

Ugumu wa grisi hupimwa kwa namba zilizowekwa na taasisi ya Marekani iitwayo NLGI, iliyoanzishwa mwaka 1933. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa: grisi yenye joto la nyuzi 25 hukandwa mara 60, kisha koni ya chuma ya uzito maalumu huachwa izame ndani yake kwa sekunde 5. Ikizama kati ya milimita 26.5 na 29.5, grisi hiyo ni namba 2. Ikizama kati ya 31 na 34 ni namba 1. Na ikizama kati ya 22 na 25 ni namba 3. Mizani yote huanzia 000, ambayo humiminika, na kuishia namba 6, ambayo ni ngumu kama mche wa sabuni ya kufulia. Kwa pikipiki, namba 2 ndiyo inayofaa karibu kila mahali, na sioni haja ya kulizungumzia zaidi jambo hilo, isipokuwa kusema kwamba namba hii hueleza ugumu peke yake. Makopo mawili yote yanaweza kuwa namba 2, moja likawa la thamani kubwa na jingine likawa halifai kupakwa hata kwenye bawaba ya mlango.

Maelezo yenye faida zaidi hupatikana kwenye msimbo mfupi wa mtindo wa Kijerumani wa DIN, ambao viwanda vingi huuchapa kwa maandishi madogo nyuma ya kopo. Msimbo kama KP2K-30 husomeka hivi: K ya kwanza inasema hii ni grisi ya beringi zinazozunguka, P inasema imetiwa viambato vya kuhimili mgandamizo mkubwa, 2 ni ile namba ya ugumu, K ya pili inasema inaweza kufanya kazi hadi nyuzi 120, na -30 ni baridi ya chini kabisa inayoweza kuivumilia. Mahali pa K ya pili pakiwa na N, kikomo cha juu ni nyuzi 140, na pakiwa na P ni 160. Ikiwa kuna F baada ya P, basi ndani mna kilainishi kigumu cha unga, kama vile moli. Nimegundua kwamba kopo lenye msimbo huu huwa pia na jina la sabuni iliyotumika na mnato wa mafuta yake (kiasi yanavyokataa kutiririka), na kopo lisilo na msimbo mara nyingi halina chochote kati ya hivyo. Siku hizi nikikosa kuona aina ya sabuni popote kwenye kopo, ninalirudisha rafuni.

Rangi haina maana yoyote. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimesikia mafundi wazoefu, watu ninaowaheshimu kwa kazi ya mikono yao, wakisema kwamba grisi nyekundu ni ya joto, ya bluu ni ya maji na ya njano ni ya kawaida. Rangi hutiwa kiwandani, na kila kiwanda huchagua ya kwake. Rangi pekee inayotoa habari ya kweli ni ule weusi wa kijivu unaotokana na moli au grafiti, na hata huo hausemi kiasi kilichotiwa.

Sasa kuhusu joto na kasi. Chukua gurudumu ambalo, pamoja na tairi lake, lina kipenyo cha sentimita 60. Kila linapozunguka mara moja, pikipiki husogea karibu mita 1.9, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa gurudumu huzunguka chini kidogo ya mara 900 kwa dakika. Mota ya umeme ya kiwandani huzunguka karibu mara 1,500 au 3,000 kwa dakika, pengine usiku na mchana bila kusimama, na hulainishwa kwa grisi. Beringi ya gurudumu la pikipiki, ambayo tundu lake huwa la milimita 12 au 15 tu, haiikaribii kabisa kasi inayoweza kuitesa grisi ya kawaida. Joto nalo si kubwa kama watu wanavyodhani, hasa kwenye gurudumu la breki za diski, ambapo diski imetengana na kitovu na inapulizwa na upepo. Breki za ngoma ndizo hupasha kitovu moto zaidi, na hata hapo grisi yoyote nzuri ya sabuni ya lithiamu huvumilia bila taabu katika matumizi ya kawaida.

Maji ni habari nyingine. Beringi za gurudumu zimekaa usawa wa madimbwi. Bakuli la chini la usukani liko nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, ambalo hulirushia maji na matope moja kwa moja, na katika pikipiki nyingi ndogo sili yake ni pete nyembamba ya mpira, au haipo kabisa. Mhimili wa mkono wa nyuma unaobeba gurudumu, na viungo vidogo vya shokapu ya nyuma kwenye pikipiki zilizo navyo, vyote vimening'inia chini ambako kila kitu hudondokea. Kisha huja mashine ya kuoshea yenye mpira wa maji ya nguvu, ambayo kwa dakika moja hufanya kile ambacho mvua ya mwezi mzima haiwezi: husukuma maji kuupita mdomo wa sili, yakaingia ndani na kukosa njia ya kutokea.

Usukani una taabu ya pili ambayo inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoziua gololi zangu na kwa muda mrefu nilidhani ni kutu ya maji tu. Beringi ya gurudumu huzunguka mfululizo, na kila mzunguko huirudisha grisi mahali pake. Beringi ya usukani haizunguki. Hutikisika palepale, kwa pembe ndogo sana, huku ikipokea kila pigo la barabara. Katika hali hiyo gololi huisukuma grisi pembeni, na kwa kuwa hakuna mwendo wa kuirudisha, chuma hugusana na chuma na kusagana kwa mitetemo midogo. Vipande vinavyosagika huungana na hewa na kuwa unga mwekundu unaofanana na kutu, na unga huo nao husaga zaidi. Baada ya muda hubaki vidimbwi vilivyopangana kama gololi zilivyopangana, kwenye mkao uleule wa kwenda mbele, na hapo ndipo usukani huanza kushika katikati. Grisi inayofaa mahali hapa inatakiwa iwe yenye kunata, yenye mafuta ya mnato mkubwa ambayo hayakimbii kirahisi, yenye viambato vya mgandamizo, na isiyoyeyuka ikikutana na maji. Masharti hayo manne ndiyo niliyoyatumia kuyapima makopo.

Kundi la kwanza, ambalo nitalipita haraka, ni grisi za bei ya chini zenye sabuni ya kalsiamu ya kawaida, pamoja na zile zisizojitambulisha. Ni haki kusema kwamba sabuni ya kalsiamu huyakataa maji vizuri sana. Udhaifu wake ni kwamba muundo wake wenyewe hushikiliwa na maji kidogo yaliyomo ndani, na grisi ikipashwa moto maji hayo hutoka na muundo huvunjika, kwa hiyo haipaswi kufanya kazi kwa muda mrefu juu ya nyuzi 60 hivi. Kwenye mguu wa kuegeshea, kanyagio la breki na mhimili wa stendi ya kati inatosha kabisa. Kwenye kitovu cha breki za ngoma si mahali pake. Grisi za sabuni ya sodiamu, ambazo bado hupatikana hapa na pale, zisipakwe popote kwenye pikipiki, kwa sababu sabuni hiyo huyeyuka majini.

Kundi la pili ni lithiamu ya kawaida, na mfano wake ninaoujua vizuri ni Shell Gadus S2 V220 katika ugumu wa namba 2. Sabuni ya aina hii hutengenezwa kwa asidi inayotokana na mafuta ya mbarika, imekuwa sokoni tangu miaka ya 1940, na imeenea kuliko nyingine zote kwa sababu hufanya karibu kila kazi kwa kiwango cha kuridhisha. Mnato wa mafuta yake ni 220 kwenye nyuzi 40, ambao ni mkubwa wa kutosha kwa usukani, na hudondoka kwenye nyuzi 180 hivi. Neno hilo la kudondoka lisimdanganye mtu: ni joto ambalo tone la kwanza huanguka kutoka kwenye kikombe cha kipimo, yaani joto ambalo grisi imekwisha kushindwa, na kikomo cha kazi ya kila siku huwa chini yake kwa makumi ya nyuzi. Niliitumia kwa mwaka na zaidi kwenye beringi za magurudumu na kwenye ekseli, na nilipofungua niliikuta iko mahali pake, laini na safi, isipokuwa upande mmoja ambapo sili ilikuwa imechakaa na maji yalikuwa yameilainisha. Mtu anayeendesha zaidi wakati wa kiangazi na kuosha pikipiki yake kwa ndoo hatakosea akiichagua.

Kundi la tatu ni lithiamu changamano, ambayo sabuni yake imeongezewa asidi ya pili ili iwe imara zaidi. Hapa nimetumia Mobilgrease XHP 222, iliyo na mnato uleule wa 220 na ugumu uleule wa namba 2, lakini yenye kudondoka kwenye nyuzi 280 na yenye kunata kwa namna ambayo mkono huihisi mara moja: ukiigusa na kuinua kidole, huvutika kwa nyuzi ndefu kabla ya kukatika. Kunata huko kuna thamani kubwa kuliko zile nyuzi 100 za ziada za joto, kwa sababu ndiko kunakoizuia isisukumwe nje na maji au na mtikisiko. Ipo pia iitwayo XHP 222 Special, iliyotiwa moli kiasi cha asilimia 0.75, na nimeiona inafaa kwa viungo vinavyoteleza badala ya kuzunguka, kama vile bushi za mkono wa nyuma. Ningeambiwa nichague kopo moja tu la kuwa nalo nyumbani kwa pikipiki nzima, ukiacha breki, ningechagua la kundi hili bila kusitasita.

Hata hivyo, kwenye usukani na kwenye viungo vya shokapu sasa ninatumia kundi la nne, grisi ya kalsiamu salfoneti changamano. Jina lina kalsiamu, lakini haina undugu wa karibu na ile ya bei ya chini niliyoitaja mwanzo. Ndani yake mna chembechembe ndogo sana za kalsiamu kaboneti zilizo bapa, ambazo hukaa kati ya vyuma viwili na kuvizuia visigusane hata mafuta yanaposukumwa nje, na salfoneti yenyewe ni dawa ya kutu. Yaani mambo mawili ambayo grisi nyingine huyapata kwa kuongezewa viambato, hii huyapata kutoka kwenye sabuni yake, na kiambato kikiisha au kikioshwa, sabuni hubaki. Inaweza kuchanganyika na maji kidogo bila kulegea, jambo ambalo ni muhimu kwa kuwa maji yataingia tu, uwe mwangalifu uwavyo. Hudondoka juu ya nyuzi 300, ingawa sifa hiyo kwenye pikipiki haina kazi. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba sabuni huchukua sehemu kubwa zaidi ya kopo, kwa hiyo grisi huwa nzito mkononi na husita kupenya kati ya rola nyembamba kama sindano. Inabidi kuisukuma kwa kidole kwa subira, rola moja baada ya nyingine. Ya pili ni kwamba haielewani na kila grisi iliyotangulia, na hilo nitalieleza hapa chini.

Moli, kwa jina kamili molibdeni disalfaidi, hupendwa kuliko inavyostahili. Unga huo huteleza vizuri sana pale vyuma viwili vinaposuguana polepole kwa nguvu kubwa, na kwa meno ya mhimili wa nyuma kwenye pikipiki zisizotumia mnyororo hauna mbadala. Honda, kwa mfano, katika miongozo yake ya ufundi hutaka meno hayo yapakwe lahamu (uji mzito wa kupaka) yenye kiwango kikubwa cha moli, na grisi ya kawaida yenye asilimia 3 haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Lakini beringi ya gurudumu inahitaji gololi zake zibiringike, na unga mwingi unaoteleza hauzisaidii kubiringika. Ninaiweka moli kwenye vinavyosuguana, na vinavyobiringika ninavipa grisi isiyo nayo.

Breki ninazipa nafasi yake, kwa sababu hapa kosa la grisi linahusu maisha ya mtu. Sili za mpira ndani ya kalipa (kibanio cha pedi za breki) zinazotumia mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1 hutengenezwa kwa mpira ambao hauvumilii mafuta ya madini, yaani yanayotokana na mafuta ghafi. Grisi ya lithiamu, hata iwe bora kiasi gani, ina mafuta hayo, na ikigusa sili hizo hunyonywa na mpira, mpira huvimba, pistoni hushindwa kurudi na pedi hubaki zimeishika diski. Rafiki yangu alipaka pini za kalipa grisi nzuri ya beringi kwa nia njema kabisa. Baada ya wiki chache zile kofia za mpira zilikuwa zimelegea na kuvimba kama mkate uliolowa chai, na kalipa iliganda upande mmoja. Kwa pini na kofia hizo, tumia grisi ya silikoni iliyoandikwa wazi kwamba ni ya breki, au ile nyekundu maalumu ya mpira ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya mimea. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, na tyubu moja ndogo hudumu miaka. Silikoni hiyohiyo usiipeleke kwenye beringi, kwa sababu chini ya uzito wa chuma kwa chuma haina nguvu.

Kwenye breki za ngoma, kile kikamu kinachofungua viatu na kile kidole vinapoegemea hupakwa utando mwembamba wa grisi ya joto la juu, na ziada yote ifutwe. Tone likifika kwenye viatu, viatu hivyo havifai tena.

Lahamu ya shaba, ambayo wengi huiita grisi, si grisi ya kulainisha kitu kinachotembea. Kazi yake ni kuzuia nati na boliti zisigandane, hasa za bomba la moshi. Isipakwe kwenye beringi wala karibu na kihisi cha ABS, na kwenye uzi wa plagi za kisasa zilizopakwa madini kiwandani haihitajiki. NGK wenyewe wanashauri isitumike huko, kwa sababu huteleza na kumfanya fundi akaze kupita kiasi bila kujua.

Kuna sehemu ambazo hazitaki grisi yoyote. Mnyororo wenye pete za mpira umefungiwa grisi yake ndani ya pini tangu kiwandani, na grisi inayopakwa juu yake haiingii ndani, ila hukusanya mchanga na kuwa msasa wa sproketi. Unataka mafuta ya mnyororo au mafuta ya gia ya 80W-90, baada ya kusafishwa kwa mafuta ya taa na si kwa petroli. Waya wa klachi wenye utando wa plastiki ndani hauhitaji grisi, kwani huufanya uwe mzito; kichwa chake tu kwenye mkono wa klachi ndicho kipakwe kidogo. Mipira ya kitovu cha nyuma inayopunguza mshtuko wa mnyororo iachwe mikavu.

Nimesema kwamba grisi hazielewani zote. Sabuni mbili tofauti zikikutana zinaweza kuvunjana, mchanganyiko ukawa mwepesi kama supu na kumwagika, au ukawa mgumu na kukataa kuachia mafuta. Lithiamu na lithiamu changamano kwa kawaida hupatana. Lithiamu na grisi zinazotumia udongo wa bentonaiti badala ya sabuni hazipatani, zinazotumia poliurea badala ya sabuni hazipatani na nyingi, na kalsiamu salfoneti ni ya kutiliwa shaka hadi mtengenezaji aseme vinginevyo. Njia ya uhakika ni kuondoa ya zamani yote: kitambaa kwanza, kisha brashi na mafuta ya taa, kisha kukausha kabisa, ndipo mpya iingie. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kupaka, na ninakiri kwamba grisi ya wastani iliyowekwa kwenye chuma kisafi imenidumu kuliko grisi bora niliyoiweka juu ya mabaki.

Kiasi nacho kina kanuni yake. Beringi zilizofungwa kwa sili mbili za mpira, kama 6301 au 6302 zenye alama ya 2RS, hutoka kiwandani zikiwa na grisi inayojaza takriban asilimia 30 tu ya nafasi iliyo wazi, na si kwa ubahili. Beringi inayozunguka ikijazwa hadi pomoni, grisi hukorogwa, hupata joto na kuisukuma sili nje. Usukani ndio pekee ninaoujaza kwa ukarimu, kwa kuwa hauzunguki na grisi ya ziada humo huwa ukuta wa kuzuia maji.

Usukani wa ile pikipiki ya cc 150 niliufungia bakuli mpya na gololi mpya, nikaujaza kalsiamu salfoneti, na nikaufungua tena baada ya misimu miwili ya mvua na kuoshwa mara nyingi nisizozihesabu. Juu ya bakuli la chini kulikuwa na matone ya maji yaliyosimama kama umande juu ya jani la mgomba, na chini ya matone hayo grisi ilikuwa imebadilika rangi kidogo tu. Nilifuta gololi moja kwa kitambaa na kuizungusha kwenye mwanga. Ilikuwa inang'aa pande zote. Niliirudisha mahali pake, nikaongeza grisi kidogo pembezoni na kukaza nati.